Gauni Lililomdanganya Dada Yangu

Kwa aliyekosa simulizi yangu wiki iliyopita nitasema kwa kifupi, maana sina hamu ya kuirudia aibu yangu mara mbili.

Mimi ni fundi cherehani. Nina dada mmoja tu, aliyenipita miaka kumi na miwili, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Dada ni dobi wa hoteli, mjane, na ana binti mmoja anayesomea ualimu chuoni. Mwanzoni mwa mwaka aliambiwa ana kisukari. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze mwili. Akajiunga na kikundi cha mazoezi cha mtu tunayemwita Kocha, akajiwekea nia moja: siku ya mahafali ya binti yake atavaa gauni la satini la buluu nililomshonea miaka minne nyuma. Zipu ya gauni hilo ilikuwa inagoma katikati ya mgongo.

Kila Jumamosi alikuja kulijaribu kwangu. Jumamosi tatu mfululizo zipu iligoma. Ile ya tatu akalia, akasema anajipa wiki moja tu tena, zipu isipopanda anaacha mazoezi, anaacha kila kitu. Mimi sijui kukaa na dada yangu akilia. Alipoondoka nikachukua wembe, nikafumua mishono ya ubavuni, nikalipanua gauni kidole kimoja kila upande.

Jumamosi ya nne zipu ikapanda hadi karibu na shingo. Dada akajishika kiuno, akacheka, akaniambia yale maneno niliyowaachia: "Unajua siri yake? Wiki hii nzima sijameza kidonge hata kimoja."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Wembe ulikuwa bado mezani. Nyuzi nilizozifumua zilikuwa chini ya cherehani, sikuwa hata nimefagia.

"Dada, vidonge haviachwi hivihivi," nikasema.

"Nani kakwambia?"

"Daktari si alisema kila siku?"

"Daktari alinitazama dakika tatu, akaandika. Mimi nakaa na huu mwili usiku na mchana. Nilipokuwa navimeza, zipu haikusogea. Nimeviacha, wiki hiyohiyo imepanda. Sasa hapo unataka nielezwe nini tena?"

"Labda kitambaa kimelegea."

"Kimekaa kabatini miaka minne, kije kulegea wiki niliyoacha vidonge?"

Nikaufunika wembe kwa kipande cha kitambaa.

Pale barazani ninafanya kazi pamoja na fundi viatu. Mimi upande wa mlango, yeye upande wa ngazi, sanduku lake katikati ya miguu. Miaka tisa tumekaa hivyo, mpaka kikohozi chake nakijua. Yeye ana presha, na vidonge vyake anaviweka kwenye kopo moja na misumari midogo. Alikuwa ametusikiliza muda wote, uzi umebanwa kwenye meno.

"Jirani, mwache mwenzio afurahi," akasema. "Wewe hupendi watu wapungue, utakosa vitambaa virefu vya kukata." Halafu akamgeukia dada. "Na ya presha nayo inaachwa?"

"Kidonge ni kidonge," dada akasema. "Hapa si umeiona zipu kwa macho yako?"

"Nimeiona."

Wakacheka. Nami nikacheka nao. Leo wembe naujutia, lakini kicheko kile nakijutia zaidi.

Tangu siku ile dada akawa mwalimu wa watu wote. Nilipita kwake siku moja jioni nikamkuta na beseni la maembe na ndizi mbivu, na kikombe cha asali pembeni.

"Chakula kiko wapi?" nikamuuliza.

"Ndicho hiki. Vyakula vya kupika nimeviacha vyote, vinanenepesha."

"Na asali?"

"Asali siyo sukari. Sukari ni ile nyeupe ya kiwandani. Hii imetoka kwa nyuki, na haya yametoka mtini. Hakuna mkono wa mtu hapo."

"Lakini ni tamu, dada."

"Wewe shona nguo. Mambo ya mwili niachie mimi mwenye mwili."

Akanimenyea embe. Nikala, lilikuwa tamu kwelikweli.

Kocha alikuwa amemfundisha mengine. Zamani alikuwa mlinzi wa ghala, sasa amestaafu, ana filimbi shingoni na kundi la watu ishirini kwenye uwanja wa mpira kila asubuhi. Ningependa sana awe tapeli, ningepata wa kumtupia lawama. Lakini hakuwa tapeli. Alikuwa mtu mwema aliyeamini kila alichokisema, na alichokisema ni kwamba jasho ndiyo mafuta yanayotoka, kwa hiyo anayetaka kupungua atoe jasho jingi na asinywe maji, maana akinywa anarudisha alichokitoa.

Ili jasho lizidi, alitaka watu wakimbie ndani ya suti za nailoni zilizobana mikononi na miguuni. Suti hizo nani alizishona? Mimi. Ishirini na moja, pamoja na ya Kocha mwenyewe.

Wala sikufikiri. Dada yangu amepiga pasi mashuka ya hoteli miaka ishirini, kwenye chumba cha mvuke, analowa tangu asubuhi mpaka anapotoka. Kama jasho ndilo linalopunguza mwili, yeye angekuwa mwembamba kuliko sindano yangu. Hilo lilikuwa mbele ya macho yetu wote na hakuna aliyeliona.

Basi, kila Ijumaa nikawa nafumua. Kidole kimoja, nusu kidole, kidogo tu ili zipu isogee. Kila Jumamosi dada anakuja, zipu inapita vizuri zaidi, anapiga vigelegele barazani, na fundi viatu anaacha nyundo amtazame. Watu wa Kocha wakampa jina, Mama Zipu. Asubuhi akawa anasimamishwa mbele ya kundi aeleze alivyofanya.

Mara nne nilifumua, pamoja na ile ya kwanza. Ijumaa iliyofuata nikaligeuza gauni ndani nje nikakuta hakuna tena cha kupanua. Nguo ya mtu mnene fundi huachia kitambaa cha ziada ubavuni kwa ajili ya siku za mbele, na kile nilichomwachia kilikuwa kimekwisha chote.

Nikajisemea, kesho mambo yanakuwa hadharani. Na niwe mkweli kwenu, nilipata nafuu. Nilipiga moyo konde nikasema zipu ikigoma tu, nitamweleza yote.

Zipu haikugoma.

Ilipanda yenyewe mpaka juu, na gauni likambakizia dada nafasi ubavuni. Nilishikwa na butwaa. Nikachukua futi, nikampima kiuno mwenyewe, nikarudia mara ya pili. Nilikuwa na daftari la vipimo ambalo yeye halisomi, na humo niliandika ukweli wote muda wote. Inchi arobaini na sita, arobaini na sita, arobaini na sita na nusu. Siku ile futi ilisoma arobaini na nne.

"Umepungua," nikamwambia.

"Ndiyo nakwambia kila wiki."

"Hapana, dada. Umepungua kweli."

Nilimkumbatia pale pale, mkasi bado mkononi. Aliniona nimechanganyikiwa. Nilidhani nimesamehewa. Nilidhani uongo wangu ulimpa moyo, moyo ukampa nguvu, na sasa nguvu imeleta matokeo, kwa hiyo hakuna haja ya kusema lolote.

Wiki iliyofuata futi ilisoma arobaini na mbili na nusu. Nyingine, arobaini na moja. Sasa nikawa nabana. Kila kidole nilichokiachia nilikirudisha, nikapita palepale pa zamani, nikaingia na ndani zaidi.

Dalili zilikuwepo, na zote tulizipatia jina zuri. Dada akawa na kiu isiyokata, anatembea na chupa kubwa ya maji, na kwenye maji hata amri ya Kocha hakuisikiliza tena. Alikwenda msalani mara kumi kabla ya mchana, tukasema mwili unajisafisha. Akawa anasinzia juu ya pasi, tukasema ni misuli inajengeka. Nyayo zikamfa ganzi, Kocha akasema damu imeanza kufika ilikokuwa haifiki. Siku moja alinipa sindano nimtungie uzi, yeye aliyenifundisha mimi kutunga uzi nikiwa na miaka sita. Alisema anaona ukungu. Tukasema ni miaka.

Jumapili moja binti yake akarudi kutoka chuoni. Mahafali yalikuwa yamebakiza wiki mbili. Nilikuwa nimekaa kwa dada nimeshika kikombe wakati mpwa wangu alipofungua mlango.

Alisimama akamtazama mama yake. Hakuweka begi chini.

"Mama, umekwisha," akasema.

"Nimekwisha au nimepungua?"

"Umekwisha. Shingo yako imekuwa hivyo tangu lini? Mjomba, mnamuona hivi kila siku mnanyamaza?"

"Watu wote wanamsifu," nikasema.

"Wanasifu nini? Mama, vidonge vyako viko wapi?"

"Ninavyo."

Mpwa wangu alikwenda moja kwa moja kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, ambapo mama yake huficha kila kitu. Akalifungua. Pakiti zilikuwa zimejaa, hazijaguswa, za miezi mitatu. Akazipanga mezani moja moja.

"Sihitaji hizo," dada akasema. "Niliziacha, na wiki ileile niliyoziacha ndiyo niliyoanza kupungua. Usiponiamini mimi, muulize mjomba wako, yeye ndiye aliyenijaribisha gauni. Mtu anaweza kudanganya. Gauni halidanganyi."

Mpwa akanigeukia. "Ni kweli, Mjomba?"

Nikakitazama kikombe.

"Zipu ilipanda," nikasema.

Hilo halikuwa uongo, na ndiyo maana lilikuwa baya kuliko uongo.

Jumatano asubuhi nilikuwa nafungua baraza nilipomsikia Kocha ananiita kwa sauti isiyokuwa yake. Nilikimbia mpaka uwanjani. Dada alikuwa amelala kwenye majani ndani ya suti ya nailoni, mishono yangu imembana mikono, anahema kwa haraka na pumzi yake inanuka kama tunda lililooza. Watu walikuwa wamemzunguka wanampepea.

"Ni mafuta ya mwisho," Kocha akasema, na alikuwa analia. "Mafuta ya mwisho ndiyo magumu kutoka. Ataamka sasa hivi."

Niliichana ile suti kwa mikono. Fundi viatu, aliyekuwa amenifuata mbio kutoka barazani, ndiye aliyemshika miguu, mimi kichwa, tukampakia kwenye gari la mtu. Njiani jirani yangu alikuwa anajisugua nyuma ya shingo.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Kisogo kinanigonga tangu juzi. Nimelala vibaya."

Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nautazama uso wa dada.

Hospitalini tulipokewa na daktari mwanamke, mfupi, mwenye haraka. Alimtundikia dada maji ya mshipa, akampima, akaja kwenye korido na karatasi.

"Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

"Ameanza kukonda lini?"

"Kama wiki sita hivi."

"Na hamkushtuka?"

"Tulifurahi," nikasema.

Alinitazama. Hakunitukana, afadhali angenitukana. "Sukari imejaa kwenye damu, lakini mwili hauwezi kuitumia," akasema. "Unakufa njaa na chakula kiko ndani. Kwa hiyo unajila wenyewe, mafuta na nyama yake. Hicho mlichokuwa mnakishangilia ndio ugonjwa. Na kuna kidonda kwenye kidole cha mwisho, mguu wa kulia, kimesababishwa na kiatu. Hakuwahi kulalamika?"

"Alisema hapaumi."

"Hapaumi kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa ganzi. Tukiishusha sukari leo, mguu tunaweza kuupigania, na yeye mwenyewe pia. Anahitaji insulini, sindano, kila siku. Hata jana tungekuwa tumeshachelewa."

Maji yalimrudishia dada fahamu upesi, na siku ile sindano aliikataa. Kesho yake asubuhi, Alhamisi, nesi akarudi na sindano kwenye kisahani. Dada akauficha mkono chini ya shuka.

"Sidungwi," akasema.

"Mama," mpwa wangu akasema.

"Sidungwi, mwanangu. Baba yako alidungwa hiyo sindano, mwezi haukuisha. Hiyo ni ya kumalizia watu."

"Baba alikuja hapa akiwa ameshachelewa. Sindano haikumuua."

"Sawa. Lakini mimi ninao ushahidi. Nilipomeza dawa zao, nilizidi. Nilipoziacha, nilipungua wiki hiyohiyo. Hapa nimeanguka kwa sababu sikula asubuhi. Nipeni embe na asali, kesho natembea."

Daktari akaitwa. Akaeleza kwa upole, halafu kwa ukali. Dada ana kichwa kigumu tangu ujana wake, na safari hii alikuwa na kitu cha kushikilia.

"Siwezi kumdunga mtu mwenye akili zake timamu kwa nguvu," daktari akatuambia mlangoni. "Lakini hayo maji pekee hayatamfikisha mbali. Kama kuna mtu anamsikiliza, aseme naye sasa. Nataka jibu kabla ya saa sita."

Mpwa wangu alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu. "Mjomba, hilo gauni," akasema. "Kila nikimwambia kitu ananijibu gauni. Kwani ilikuwaje?"

"Nipe nusu saa," nikamwambia.

Nilikwenda barazani mbio, nikachukua gauni bila kutazama hata upande wa ngazi, nikarudi nalo limekunjwa kwenye gazeti. Niliingia, nikaketi kwenye ukingo wa kitanda, nikaligeuza ndani nje juu ya mapaja yake.

"Dada, tazama hapa ubavuni."

"Naona ukungu tu."

Basi nikamshika mkono. Satini ina tabia moja, sindano ikishapita, tundu halizibi. Na dobi wa miaka ishirini hahitaji macho kukijua kitambaa. Nikakiweka kidole chake cha shahada kwenye ule ukingo wa ndani, nikakiacha kiende chenyewe.

Kilikwenda polepole. Kikasimama, kikarudi, kikashuka tena.

"Hapa palishonwa pakafumuliwa," akasema.

"Ndiyo."

"Na hapa." Kidole kikasogea. "Na hapa. Na hapa pia. Mara nne."

"Mara nne."

"Hii ya ndani kabisa, ya kwanza, uliifumua lini?"

"Jumamosi ile uliyolia. Ulipoondoka tu."

"Wiki niliyoacha vidonge."

"Wiki hiyohiyo, dada. Hukupungua. Nililipanua gauni. Wiki zote nne za mwanzo sikukuta umepungua hata nusu inchi, vipimo ninavyo kwenye daftari. Uliposhuka kweli, ni ugonjwa uliokushusha. Vidonge havikukunenepesha. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Mpwa wangu aliweka mkono mdomoni. Nesi akatazama pembeni. Nilitegemea dada atalia, au atanipiga, kama alivyokuwa akinipiga utotoni nikiharibu kitu. Alibaki anapapasa yale matundu tu, kidole kinakwenda na kurudi.

"Nilikuwa najivunia," akasema baadaye. "Nilisimama mbele za watu nikajivunia. Nilitembea na njaa, nilitembea na ganzi, nikisema si kitu, gauni linanitosha."

"Sikutaka kukuona unalia."

"Ulinivika kilemba cha ukoka, mdogo wangu. Nimekulea kwa mikono hii. Ukinidanganya wewe, nimwamini nani? Daktari nisiyemjua?"

"Mwamini daktari, dada. Leo mwamini yeye. Mimi usiniamini."

Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tano. Nesi alisogea na kisahani chake, taratibu. Dada akautoa mkono nje ya shuka, nami nikashusha pumzi. Halafu akaurudisha.

"Fundi viatu," akasema.

"Kafanyaje?"

"Aliacha vyake siku ileile. Alikuwepo pale barazani, akaiona zipu. Alipita uwanjani wiki iliyofuata, akaniambia: Mama Zipu, nami nimevitupa. Nikampongeza." Aligeuza uso wake upande wangu, ingawa nadhani aliona kivuli tu. "Umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Sikuwa hata nimemfikiria.

"Nenda na gauni," dada akasema. "Mpapasishe kama ulivyonipapasisha mimi. Akisikia kwa mdomo wako, akimeza kidonge mbele yako, mpigie binti yangu simu. Hapo nitaunyoosha mkono. Kabla ya hapo hamnidungi."

"Mama, hakuna muda wa hayo," mpwa wangu akasema.

"Upo. Aende mbio. Watu wanne au watano pale uwanjani wameacha dawa kwa sababu yangu, na mimi sikuzirudia kwa sababu ya mjomba wako. Nikidungwa mimi kwanza atakaa hapa anishike mkono, na kule hataenda. Namjua. Akiwa na aibu anachelewa."

Ananijua kweli. Nilitoka na gauni mkononi bila hata kulikunja, watu wa korido wakanipisha.

Nilimpigia fundi viatu mara tatu njiani. Simu iliita mpaka ikakatika. Nilijipa moyo kwamba akipiga nyundo hasikii.

Nilipofika barazani sikusikia nyundo. Sanduku lake lilikuwa limefungwa kufuli. Juu yake kilikuwepo kiatu kimoja cha kike, soli imeachama, gundi imekauka kabla haijabanwa. Yule mtu hajawahi kuacha kazi na gundi mbichi miaka tisa niliyokaa naye. Kopo la misumari lilikuwa pale pembeni, nikalichukua nikalitikisa. Ndani ilikuwemo misumari tu.

Simu ikaita. Nikaona namba yake, nikapokea kwa furaha.

"Jirani, uko wapi?" nikasema. "Usiondoke hapo ulipo, nina neno na wewe, nakuja sasa hivi."

Haikuwa sauti yake. Alikuwa mke wake, anaongea polepole, na nyuma yake niliwasikia watu wengi kwenye chumba kidogo.

"Shemeji," akasema, "mimi nilikuwa safarini, nimeitwa asubuhi hii, nimemkuta amelala hasemi. Wewe ndiye unayeshinda naye kutwa. Madaktari wananiuliza hapa nami sijui niwajibu nini. Alikuwa anameza dawa zake?"

Nilisimama pale barazani, gauni la dada limening'inia mkononi mwangu, na upande wa pili mpwa wangu anasubiri simu.